Saini na mkono: uchambuzi wa kisa cha Sonny Bill Williams na Canterbury Bulldogs

Mwishoni mwa Julai 2008, zikiwa zimebaki siku chache tu atimize miaka 23, Sonny Bill Williams alipanda ndege mjini Sydney na kuelekea Ulaya. Hakumuaga kocha wala wachezaji wenzake, na klabu yake, Canterbury Bulldogs, ilikuwa katikati ya msimu na ilikuwa ikifanya vibaya. Nyuma yake aliacha mkataba wa miaka mitano aliotia saini mwaka 2007, ambao ulikuwa umweke Bulldogs hadi mwisho wa 2012. Alikokuwa anakwenda ni Toulon, mji wa bandari kusini mwa Ufaransa, kuichezea klabu ya raga ya wachezaji 15, ilhali kazi yake yote ya kulipwa hadi siku hiyo ilikuwa katika raga ya wachezaji 13.

Magazeti ya Sydney yalimbatiza “Money Bill”. Kwa muda mrefu kisa hiki kimesimuliwa kwa njia mbili tu: kwamba ni hadithi ya kijana mwenye tamaa aliyewasaliti waliomlea, au kwamba ni hadithi ya kijana jasiri aliyekataa kumilikiwa. Ninaona kwamba masimulizi yote mawili yanapita pembeni. Kilichokuwa na kasoro zaidi katika kisa hiki ni urefu wa mkataba wenyewe, na ushahidi wa hilo umo katika mambo ambayo Williams aliyafanya baada ya 2008, hasa aina ya mikataba aliyokubali na ile aliyoikataa.

Kabla ya kufika huko ni lazima kueleza kidogo raga hizi mbili, kwa kuwa bila hilo suala la kisheria halieleweki. Agosti 1895, wawakilishi wa klabu za kaskazini mwa Uingereza walikutana katika hoteli moja mjini Huddersfield na kujitoa katika chama cha raga cha nchi hiyo. Wachezaji wao wengi walikuwa wachimba makaa ya mawe na vibarua wa viwanda vya nguo, watu ambao kucheza Jumamosi kulimaanisha kupoteza ujira wa siku, na klabu zilitaka ruhusa ya kuwafidia ujira huo. Chama kilikataa. Waliojitoa walianzisha mchezo wao, baadaye wakapunguza wachezaji kutoka 15 hadi 13 kila upande, wakaondoa urushaji wa mpira kutoka pembeni, na hatimaye ikawekwa kanuni kwamba timu yenye mpira inaangushwa mara sita tu kisha inautoa kwa wapinzani. Kwa hiyo raga ya wachezaji 13 ni mchezo uliozaliwa kutokana na ugomvi wa malipo, jambo ambalo viongozi wake hawakupenda kukumbushwa mwaka 2008.

Raga ya wachezaji 15 iliendelea kuwa ya ridhaa, angalau kwenye makaratasi, hadi 1995. Katika miaka hiyo mia, mkondo ulikuwa mmoja: klabu za wachezaji 13 zilikwenda Wales na kwingineko na fedha mkononi, zikawachukua nyota. Jonathan Davies, nahodha wa Wales, aliondoka Llanelli kwenda Widnes mwaka 1989, na hapakuwa na ada ya uhamisho kwa klabu yake kwa sababu mchezaji wa ridhaa hana mkataba wa kuuzwa. Baada ya 1995 mkondo ukaanza kurudi nyuma, na Waustralia Wendell Sailor, Mat Rogers na Lote Tuqiri wakahamia raga ya wachezaji 15 mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mashirikisho ya michezo hii miwili yalibaki kuwa mbalimbali kabisa. Katika soka, mchezaji hawezi kuvuka mpaka na kusajiliwa bila hati ya kimataifa ya uhamisho, na hati hiyo inapitia shirikisho moja linalozisimamia pande zote. Hapa hapakuwa na kitu cha namna hiyo. Klabu ya Ufaransa ya wachezaji 15 haikuwa na chombo cha juu cha kuiuliza kama mchezaji huyu ana mkataba na klabu ya Sydney ya wachezaji 13. Mlango huo ulikuwa wazi siku zote. Williams alikuwa tu wa kwanza mwenye jina kubwa kiasi hicho kuupita mkataba ukiwa bado hai na msimu ukiendelea.

Sasa mchezaji mwenyewe. Alizaliwa Auckland mwaka 1985, baba yake akiwa mwenye asili ya Samoa, na Bulldogs walimchukua angali kijana mdogo wakamhamishia Sydney, mbali na familia yake. Mwaka 2004 alicheza mechi yake ya kwanza ya NRL, ligi kuu ya raga ya wachezaji 13 ya Australia, akaitwa timu ya taifa ya New Zealand akiwa na miaka 18, na kabla mwaka haujaisha akawa bingwa: Bulldogs waliwafunga Sydney Roosters 16–13 katika fainali. Alikuwa na urefu unaozidi mita 1.90 na uzito unaozidi kilo 100, lakini ukubwa huo wengi wanao. Kilichomtofautisha ni mkono. Mchezaji wa kawaida anapokabwa huukumbatia mpira kwa mikono miwili na kukubali kuanguka, kwa kuwa mpira unaopotea ni dhambi kubwa katika raga ya wachezaji 13. Williams aliushika mpira kwa kiganja kimoja kama mtu aliyeshika embe, akawaacha wakabaji wawili wamng’ang’anie kiunoni na miguuni, kisha akiwa ameshaanza kuanguka akaupitisha mkono nyuma ya mgongo wa mmoja wao na kuuachia mpira kwa mwenzake anayekuja kwa kasi. Wakabaji wawili wakawa wametoka mchezoni kwa pasi moja. Pasi hiyo ndiyo iliyokuwa bidhaa yake sokoni, na bahati yake, au bahati mbaya ya Bulldogs, ni kwamba ilikuwa na thamani ileile katika raga ya wachezaji 15.

Mkataba wa 2007 ulitiwa saini katika mazingira ya kikomo cha mishahara. Kila klabu ya NRL iliruhusiwa wakati huo kutumia takriban dola milioni 4 za Australia kwa wachezaji wake 25 wa juu, na aliyezidisha aliadhibiwa. Bulldogs walilijua hilo kuliko klabu yoyote: mwaka 2002, wakiwa kileleni mwa msimamo, walinyang’anywa pointi 37 kwa kukiuka kikomo hicho na wakaangukia mkiani. Hata kama klabu ingetaka kumwongezea nyota wake mshahara, kwa hiyo, isingeweza bila kumpunguzia au kumuuza mwingine. Kwa upande wa klabu, mkataba mrefu ndio uliokuwa jibu, kwani ulifunga bei ya mchezaji kwa miaka mitano, naye akipanda thamani faida inabaki klabuni. Kwa upande wa mchezaji wa miaka 21 ambaye tayari alikuwa ameonja majeraha, miaka mitano ilikuwa bima. Kila upande ulikuwa na sababu zake za kutia saini, na hapo ndipo watu wengi wanaposimama na kusema kwamba saini ni saini. Ni kweli. Lakini klabu kwa vitendo huuona mkataba kama mwanzo wa mazungumzo, kwani wachezaji wanaoshuka kiwango huambiwa watafute timu nyingine mkataba ukiwa bado na miaka miwili, na hakuna gazeti linalouita usaliti.

Ndani ya mwaka mmoja na nusu mambo kadhaa yalibadilika kwa pamoja. Bulldogs walidhoofika, na msimu wa 2008 wangeumaliza wakiwa wa mwisho. Williams alikuwa na wakala mpya, Khoder Nasser, aliyekuwa pia meneja wa bondia Anthony Mundine. Mundine mwenyewe aliwahi kuwa mchezaji wa raga ya wachezaji 13 na aliuacha mchezo huo katikati ya msimu wa 2000 ili apigane ngumi, kwa hiyo ushauri aliokuwa akiutoa ulikuwa na mfano hai. Na kule Toulon, klabu ilikuwa imepanda daraja kuingia Top 14, ligi kuu ya Ufaransa ya wachezaji 15, mmiliki wake Mourad Boudjellal, mfanyabiashara wa vitabu vya katuni, alikuwa na fedha na hamu ya kutajwa, kocha alikuwa Tana Umaga, nahodha wa zamani wa All Blacks (timu ya taifa ya New Zealand ya wachezaji 15) ambaye naye ana asili ya Samoa, na ligi ya Ufaransa ilikuwa bado haijaweka kikomo cha mishahara.

Bulldogs na NRL walikwenda Mahakama Kuu ya jimbo la New South Wales na kupata zuio dhidi ya Williams kuichezea timu nyingine. Hapa inafaa kuwa makini, kwa sababu watu huchanganya mambo. Mahakama za nchi zinazofuata sheria ya Kiingereza hazimlazimishi mtu kumfanyia kazi mwajiri fulani. Kufanya hivyo kungekaribia utumwa. Zinachoweza kufanya ni kumzuia asimfanyie kazi mwingine katika muda aliouuza. Zuio lilikuwa na nguvu Australia, lakini Toulon ipo Ufaransa, na kulitekeleza huko kungehitaji kesi nyingine, muda mwingine na gharama nyingine. Upande wa pili, Williams asingeweza kukanyaga Sydney kwa raha akiwa amekaidi amri ya mahakama. Kila upande ulikuwa na silaha ambayo haikufika mbali, na hali kama hiyo kwa kawaida huishia mezani.

Mwezi Agosti walipatana. Bulldogs walilipwa dola 750,000 za Australia, mzigo ulioangukia Toulon na Williams mwenyewe, huku Mundine akimsaidia. Aidha, mlango wa NRL ulifungwa kwake hadi muda wa mkataba aliouvunja upite. Kiasi hicho cha fedha kilikuwa jambo geni, kwa maana kati ya raga hizi mbili hapakuwa na desturi ya ada ya uhamisho. Bulldogs hawakufa. Msimu uliofuata, wakiwa na kocha mpya na wachezaji wapya, wakiwemo Michael Ennis na Brett Kimmorley, walimaliza wa pili katika msimamo na kufika hatua moja kabla ya fainali. Siwezi kudai kwamba kuondoka kwa Williams ndiko kulikowaponya, lakini mshahara wa nyota mmoja unapotoka katika hesabu yenye kikomo, nafasi ya wengine hupatikana.

Mwaka huohuo Mark Gasnier wa St George Illawarra naye alihamia Ufaransa, Stade Français, akiwa bado na mkataba. Yeye aliomba kuachiliwa, akaachiliwa, akamaliza msimu, akaaga. Miaka miwili baadaye akarudi klabu ileile na kutwaa nayo ubingwa wa 2010. Ukiwaweka wawili hawa sambamba, unaona kwamba kuhama kwenyewe hakukuwa tatizo lisilotatulika. Kosa la Williams, na ninaliita kosa bila kusita, lilikuwa namna. Mchezo huu unachezwa na watu wanaohatarisha miili yao kwa ajili ya wenzao. Aliyekuwa akishirikiana naye ubavuni katika ukabaji aligundua kwamba mwenzake hayupo kwa kusikia habari. Mashabiki wa Bulldogs waliomzomea aliporudi Sydney miaka mitano baadaye hawakuwa wakizomea kifungu cha mkataba.

Toulon alikaa misimu miwili. Ndiko alikosilimu, na ndiko alikojifunza upya kazi yake, kwa kuwa katika raga ya wachezaji 15 mpira unapiganiwa pale chini baada ya mtu kuangushwa, jambo ambalo halipo kabisa alikotoka. Mwaka 2010, fainali ya Kombe la Challenge la Ulaya ilipochezwa Marseille, alifunga trai ingawa Toulon walipoteza 28–21 mbele ya Cardiff Blues. Kisha akafanya jambo ambalo waliomwita Money Bill hawakupata namna nzuri ya kulieleza: Toulon walitaka kumbakiza kwa fedha nyingi zaidi, naye akazikataa, akarudi New Zealand kwa malipo madogo ili apate nafasi ya kuchezea All Blacks. Novemba mwaka huo aliivaa jezi hiyo kwa mara ya kwanza dhidi ya Uingereza pale Twickenham, na mwaka 2011 alikuwa bingwa wa dunia.

Tazama mikataba ya kipindi hiki. Msimu mmoja Crusaders, klabu ya New Zealand. Msimu mmoja Chiefs, nao wa New Zealand, waliotwaa ubingwa wa Super Rugby mwaka 2012 kwa kuwachapa Sharks 37–6. Mechi chache tu Japani, na Panasonic. Katikati yake, ndondi, ambazo chama cha raga cha New Zealand kilimruhusu azipigane akiwa mchezaji wake, ruhusa ambayo hapo awali ingeonekana kichekesho. Wakosoaji waliziita tabia za mamluki. Mimi naona mtu aliyejichoma kwa mkataba wa miaka mitano na ambaye sasa hakutaka tena kujikuta akichagua kati ya kukaa kwa chuki na kutoroka usiku. Ukitia saini ya mwaka mmoja, hakuna cha kuvunja. Klabu nazo zilipata mchezaji mwenye njaa kila msimu, ingawa hazikuweza kujenga timu juu yake.

Jambo la kushangaza zaidi lilikuja mwaka 2012. Baada ya ubingwa wa Chiefs, New Zealand nzima ilitaka abaki, na kibiashara ilikuwa na maana abaki. Williams akasema hapana, kwa sababu alikuwa amempa mkono Nick Politis, mwenyekiti wa Sydney Roosters, kwamba siku akirudi raga ya wachezaji 13 atarudi kwake. Ahadi ya mkono ilikuwa kama deni lake. Alirudi mwaka 2013, kifungo chake cha NRL kikiwa kimekwisha, na Oktoba mwaka huo Roosters wakawafunga Manly 26–18 katika fainali. Mtu aliyevunja karatasi yenye saini na mashahidi aliitimiza ahadi isiyokuwa na karatasi. Sidhani kuna ukinzani mkubwa hapo. Mkono alimpa mtu anayemjua, akiwa mtu mzima, kwa jambo moja lililo wazi, ilhali saini ya 2007 iliweka bei moja kwa miaka mitano juu ya maisha ambayo yangebadilika mara tatu.

Nisimsafishe kupita kiasi, hata hivyo. Mwisho wa mwaka huohuo alitangaza kwamba hatacheza Kombe la Dunia la raga ya wachezaji 13, kisha akabadilisha mawazo baada ya kikosi cha New Zealand kuteuliwa, na kijana Tohu Harris, aliyekuwa tayari amepewa nafasi, akaondolewa ili ampishe. New Zealand walifika fainali pale Old Trafford wakafungwa na Australia 34–2. Uhuru wa kuingia na kutoka una mtu anayeulipia, na mara nyingi ni mtu asiyekuwa na jina kubwa.

Tena nadharia yangu ya mikataba mifupi ina mwiba ndani yake. Mwaka 2016, akiwa amerudi raga ya wachezaji 15 na kubeba Kombe lake la Dunia la pili mwaka 2015, alitia saini na chama cha New Zealand mkataba wa miaka mitatu. Miezi michache baadaye, katika mechi ya kwanza ya raga ya wachezaji saba kwenye Olimpiki ya Rio, dhidi ya Japani, mshipa wa kisigino ulikatika. Alikuwa na miaka 31. Angekuwa bado ni mtu wa msimu mmoja mmoja, angekaa miezi mingi akijitibu bila kujua nani atamsajili. Mkataba mrefu ndio uliombeba hadi aliporudi uwanjani 2017. Mara moja tu kola ya jezi ilileta suala: alibandika utepe juu ya nembo ya benki iliyokuwapo kwenye kola ya jezi ya Blues, klabu ya Auckland, kwa sababu ya imani yake kuhusu riba, na akaruhusiwa kutoivaa nembo hiyo. Suala likamalizwa kwa mazungumzo ya siku chache. Mkataba ule aliutumikia hadi mwisho, yaani hadi Kombe la Dunia la 2019. Kwa hiyo miaka mitatu kwa mtu wa miaka 30 anayejua anachotaka ilivumilika. Miaka mitano kwa kijana wa 21 haikuvumilika.

Novemba 2019 alisajiliwa na Toronto Wolfpack ya Kanada, klabu ya raga ya wachezaji 13 iliyokuwa imepanda kuingia Super League ya Uingereza, kwa miaka miwili na kwa fedha zilizotajwa kuwa hazijawahi kuonekana katika mchezo huo. Mechi ya kwanza, Februari 2020 mjini Leeds, alitokea benchi timu yake ikifungwa na Castleford. Wiki chache baadaye janga la korona likafunga viwanja. Julai 20 Wolfpack walitangaza kujiondoa katika msimu, wachezaji wao wakidai mishahara, na baadaye mwaka huo klabu nyingine zikapiga kura ya kutowarudisha. Safari hii mwajiri ndiye aliyeondoka na mkataba ukabaki mezani. Hapakuwa na zuio la mahakama, hapakuwa na jina la utani magazetini, na wachezaji waliotoka Pasifiki na familia zao walibaki Uingereza wakihesabu siku za viza.

Williams alirudi Sydney, akakaa karantini, akavaa tena jezi ya Roosters. Alicheza mechi tano. Ya mwisho ilikuwa Oktoba 2020, Roosters walipotolewa na Canberra 22–18, akiwa na miaka 35. Mkataba wake safari hiyo ulikuwa wa kumalizia msimu tu.